Mtumbwi wa Rubisi wa Ta Kamugisha

Vijana wa Kayanga, nasikia mnasema wazee tunapenda kushtuka. Ni kweli, nashtuka. Juzi nilikuwa natoka dukani na chumvi yangu, nikakuta kochi zima limewekwa kando ya barabara, miguu juu, sponji inatoka tumboni, na kijana aliyeliweka anapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi.

Nikamwuliza, "Mwanangu, hilo kochi linakwenda wapi?"

"Haliendi popote, babu. Si nimelitupa?"

Amelitupa! Kochi lipo palepale, mvua ikinyesha litalowa, mbuzi watalipanda, na mwisho mtu atalibeba alipeleke kibandani kwake, halafu baada ya mwaka litarudi barabarani likiwa limechakaa zaidi. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona kitu kikubwa kikitupwa. Nimeona vikihama tu.

Kwa wasionijua, jina langu la ubatizo ni Deogratias, lakini watu wazima wa mji huu wananiita Toroli. Wazazi wangu walitoka Burundi kuja kufanya vibarua vya kahawa, wakanizalia hapa jirani, kijiji cha Ndama. Kibanja cha kurithi, yaani shamba la migomba, sikuwa nacho, nikajitengenezea toroli la mbao. Magurudumu nilikuwa nimeyavika mpira wa tairi la lori, na breki ilikuwa kipande cha tairi hilohilo nilichokikanyaga kwa kisigino. Nilianza vita vya Amini vilipokwisha, nikaendelea hadi miaka ya tisini, mgongo uliponiambia basi, pumzika sasa. Kazi yangu ilikuwa kuondoa majumbani vile vitu ambavyo mwenyewe hawezi kuvibeba, hawezi kuvivunja, na hataki tena kuviona.

Aliyenifundisha ni mpagazi mmoja wa stendi, Mzee Athumani, mtu mfupi mwenye shingo nene. Yeye alikuwa akifika kwenye mzigo haushiki. Anauzunguka, anatazama mlango, anatazama ngazi, halafu anauliza, "Hiki kitu kiliingiaje?" Nilidhani ni maneno ya mtu mvivu, mpaka siku nilipokwenda peke yangu kutoa kabati la mwalimu mmoja aliyehamishwa. Nilisukuma, nikavuta, nikalilaza, nikalisimamisha. Jasho likanitoka hadi kwenye viatu. Mwishowe mke wa mwalimu akaniambia kwa upole, "Baba, fundi alilitengenezea humuhumu chumbani." Na yeye alikuwa amekaa pale muda wote akinitazama! Tulichofanya? Tuling'oa fremu ya mlango, na hata hivyo kabati halikupita. Mwalimu akahama, kabati likabaki, na nasikia hata leo nyumba ile inapangishwa pamoja na kabati lake.

Lilikuwapo pia jokofu la mafuta ya taa, lililoachwa na bwana mkubwa mmoja wa ofisini. Mtu wa kwanza kulichukua aliweka maharage. Wa pili aliweka nguo za harusi. Wa tatu, kuku alitagia humo. Kila aliyechoka nalo alimpa jirani kama zawadi, na kila mara aliitwa Toroli. Jokofu lile nimelitembeza Kayanga nzima na sijawahi kuliona likigandisha hata maji ya kunawa.

Zamani, msifikiri tulikuwa wachafu au wajinga. Kila kitu kilikuwa adimu. Springi ya lori ilikuwa panga, pipa lilikuwa mfereji wa kukingia maji ya mvua, tairi lilikuwa viatu. Lakini hapo ndipo penye usumbufu ambao hamuufahamu. Mhunzi anataka springi, hataki bodi. Mnunuzi wa chuma chakavu akija na lori lake anataka injini, hataki bati. Fundi viatu anakata mgongo wa tairi na kukuachia ile duara yenye waya. Kila mtu anachukua kipande chake kitamu, na mifupa inabaki uani kwako. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameolewa na jalala.

Basi, niwape habari ya mtumbwi, maana hiyo ndiyo iliyonishtua kuliko zote, na sijaacha kushtuka mpaka leo.

Msidhani ni mtumbwi wa majini. Huku kwetu mtumbwi wa pombe ni gogo zima lililochongwa tumbo. Wanaume wanamwaga humo ndizi mbivu na nyasi, wanakanyaga kwa miguu mpaka utoke omuramba, ule mchuzi mtamu ambao hata mtoto anakunywa. Ukitia mtama uliokaangwa ukasagwa, ukafunika kwa majani ya mgomba, kesho omuramba umekuwa rubisi. Keshokutwa wanaume wanaimba.

Mtumbwi wa Ta Kamugisha wa Ndama, Ta ndiyo heshima ya baba kwetu, ulikuwa mkubwa kuliko yote niliyowahi kuiona. Watu wawili wangelala ndani yake bila kugusana miguu. Aliurithi kwa baba yake, na baba yake aliuchonga kwa mti mgumu wa msituni, mti ambao siku hizi hamuuoni. Chini ulikuwa umepata ufa, na yule marehemu akauziba kwa kiraka cha bati la debe, akakipigilia misumari mingi mno kwa mzunguko kama mtu anayeshona ngoma, kisha akamimina nta. Kiraka hicho mkikumbuke.

Ta Kamugisha alikuwa mpole asubuhi na balaa jioni. Alikunywa alichopika na akanywa walichopika wengine. Mkewe, Ma Adela, alishavumilia, akashauri, akalia, mwisho akafunga nguo zake akaenda kwa kaka yake. Akabembelezwa akarudi. Akaondoka tena. Safari ya pili ndipo Ta Kamugisha alipookoka. Alisimama mbele ya walokole akatubu kwa sauti, akalia mpaka kamasi. Watu walimwamini kiasi. Ma Adela alipelekewa habari kwa kaka yake, akajibu kwa neno moja tu: atarudi siku mtumbwi utakapotoka kibanjani, wala si siku moja kabla.

Ndipo nikaitwa. Nilipofika na toroli langu na vijana watatu wa kunisaidia, nilimkuta Ma Adela amesimama kwenye njia ya kuingilia kibanjani, chini ya migomba, furushi la nguo kichwani.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Wewe ndiye Toroli?"

"Ndiye, Ma."

"Ingia ukautoe. Nao ukitoka, mimi nitaingia."

"Basi tua mzigo kwanza, Ma. Kazi yenyewe itachukua muda."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Nimeshautua hapa mara mbili, baba, na mara mbili nimeutwika tena. Leo nitautua ndani."

Nilishtuka kwa jinsi alivyosema, taratibu tu, bila hasira. Nikaingia.

Ta Kamugisha alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu na mtumbwi, amevaa shati safi. Nikauzunguka mtumbwi kama nilivyofundishwa. Ulikuwa umekauka, lakini ukiinamia ndani, harufu inakupiga kofi. Nikamwambia, "Waitu, ndugu yetu, kwa nini unihangaishe? Leta shoka, tuupasue kuni. Utaondoka vipande vipande."

Aliruka kama ameumwa na siafu. "Shoka? Wewe, shoka?"

"Ni mti tu, Ta."

"Katika nyumba yetu mrithi hapigi shoka mtumbwi wa baba yake, wala hautii moto. Tazama hapa." Akanionyesha ndani, upande mmoja, mahali palipochimbika na kulainika. "Hapa ndipo visigino vyake vilipokaa miaka yote aliyokanyaga. Nimeacha pombe, sikumwacha baba."

"Basi nitakutafutia mnunuzi. Wapika rubisi ni wengi."

"Nimpe jirani dhambi yangu aitumie? Hapana. Upeleke mahali ambapo hautakanyagiwa ndizi tena. Na usiniambie ni wapi." Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye aibu. "Unajua mke wangu sasa amenipa sharti gani, hata kule kwa kaka yake nikienda kumsalimu? Kabla sijakaribishwa ananisogelea usoni, ananiambia, 'Hema.' Nikihema, ndipo ananipa kiti."

Sasa sikilizeni kazi, maana siku moja mtahitaji kuhamisha kitu kama hicho na hamtakuwa na mashine. Usilaze magogo chini ya mzigo mzito kwenye mteremko, yatakukimbia. Kata migomba iliyokwisha kuzaa, ibandue maganda yake, uyatandaze njiani upande wenye utelezi juu, na uyamwagie maji. Kitu kizito kinateleza juu yake kama samli. Mbele weka mtu mmoja wa kuelekeza, nyuma waweke wawili wenye kamba ya kuzuia. Mwenye kamba ndiye muhimu, kwa sababu mzigo mkubwa hausumbui kuondoka, unasumbua kusimama. Na yule wa mbele asiwe mtu wa kujionyesha.

Tuliuteremsha hivyo hadi njiani. Ulipofika alipo Ma Adela, akatunyooshea mkono tusimame. Akainama na furushi lake kichwani, akanusa ukingo wa mtumbwi.

"Una harufu ya mume wangu," akasema.

Kisha akaingia kibanjani, na kwa mbali nikamwona anatua furushi mlangoni. Mumewe alisimama akiwa ameshika kofia yake mikononi, hajui afanye nini na mikono hiyo.

Nilifikiri kazi imekwisha. Thubutu!

Kwanza niliupeleka kwa mfugaji mmoja, nje kidogo ya Kayanga, awe ananyweshea ng'ombe. Alifurahi sana, akanipa maziwa ya mgando. Baada ya muda si mrefu nikamwona anakuja uani kwangu na fimbo, uso umekunjamana.

"Toroli, njoo uchukue kitu chako."

"Kimevuja?"

"Afadhali kingevuja! Ng'ombe wangu hawaendi malishoni. Wanakaa pale wanaulamba. Wanaulamba hata kama hauna maji. Dume langu jana limemzuia mchungaji asilifukuze. Mimi nafuga ng'ombe, sifugi walevi."

Nilicheka, nikaacha kucheka nilipoona hacheki. Nikaenda, nikaurudisha, nikauweka uani kwangu nyuma ya soko. Ukakaa hapo masika na vuli, na masika tena. Jamani, mti ule! Mvua ikinyesha na jua likitoka, ulikuwa unatoa jasho, na jasho lake ni rubisi. Wanaume waliokuwa wanapita barabarani walikuwa wanapunguza mwendo. Wengine waliingia kunisalimu, watu ambao hawajawahi kunisalimu maishani mwao, wanakaa tu juu ya tairi bovu, wanaongea habari za bei ya kahawa, wanavuta pumzi. Hata wenyewe hawakujua kilichowaleta.

Wapika pombe ndio usiseme. Mmoja alikuja kunibembeleza niuze. Nikamwambia nimeweka ahadi. Akatafakari, akasema, "Basi usiuze. Niruhusu nikanyagie hapahapa uani kwako. Mtumbwi hautatoka, na ahadi yako itabaki." Nilipigwa na butwaa. Binadamu anapotaka kitu, akili yake inapita hata tundu la sindano.

Bwana afya naye akapita, akakuta mtumbwi umejaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu vinachezacheza. Akaniamuru niuondoe. Nikamwuliza niuondoe nipeleke wapi. Akasema hiyo siyo kazi yake. Kwa kweli, vijana, nimefanya kazi karibu na maofisa wa kila aina, na wote wanajua mahali ambapo kitu hakitakiwi kuwa. Sijampata aliyejua mahali kinapotakiwa.

Aliyeniokoa ni fundi seremala mmoja wa Nyakatuntu, Fundi Laurenti, aliyekuja Kayanga kutafuta misumari, iliyokuwa adimu kama dhahabu. Siku hizo Kyerwa, iliko Nyakatuntu, ilikuwa bado sehemu ya wilaya yetu ya Karagwe, na mtu wa Nyakatuntu kuja hapa ilikuwa safari ya kuaga. Aliuona mtumbwi akaupigapiga kwa kidole, akatega sikio kama daktari.

"Mti huu umekomaa kuliko mimi na wewe," akasema. "Chini hapa ni mnene. Nitapata mbao safi."

"Umerithi mtumbwi wa baba yako?" nikamwuliza.

"Baba yangu alirithisha deni la chumvi tu."

"Basi wewe unaruhusiwa msumeno. Lakini uupeleke kwenu mbali, utengeneze milango au vitanda, chochote, ila mbao zake zisirudi huku."

Akaapa. Tukaupakia kwenye lori lililokuwa linarudi tupu upande huo, na nilipoliona linapotea kwenye kona nilijisikia mwepesi kama niliyetolewa jino. Nikaenda moja kwa moja Ndama kumwambia Ma Adela kwamba mtumbwi sasa ni mbao na uko mbali. Alikata mkungu wa ndizi, mkungu mzima, akauweka juu ya toroli langu. Mumewe alikuwa shambani anapalilia, ananitabasamia.

Miaka ikapita. Ta Kamugisha akawa mzee wa kanisa. Mimi ni Mkatoliki, na kanisa lao lile la kilimani nilikuwa nikilijua kwa nje tu, lakini habari zake zilinifikia. Walijenga jipya la matofali, wakaezeka mabati, na ndugu zao wa upande wa Nyakatuntu wakaahidi zawadi ya mimbari. Lori likachelewa, likafika Jumapili yenyewe asubuhi, mimbari imeshonewa magunia pande zote isikwaruzwe. Mimi ndimi niliyeitwa kuipandisha kilimani. Ilikuwa nzito ajabu. Nakumbuka nilijiambia, mbao hizi ni za kweli, fundi huyu hakuiba. Nikaifikisha, wazee wakaifungua magunia, wakaisimamisha, ikawa inang'aa kwa kupigwa randa tu, maana vanishi haikuwepo dukani wala ghalani. Wakanisihi nibaki nile nao chakula baada ya ibada. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kaptula yangu ya kazi.

Kanisa lilijaa pomoni, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, kama desturi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, sasa jua likachoma mabati mapya, na ndani pakawa na joto la kuivisha ndizi. Baada ya nyimbo, mchungaji akasema kwamba mtu wa kwanza kusimama kwenye mimbari mpya atoe ushuhuda, na mtu huyo awe Ta Kamugisha, kwa sababu hakuna asiyejua Bwana amemtoa wapi.

Alipanda, akashika kingo za mimbari kwa mikono yote miwili. Akaanza kueleza jinsi alivyokuwa akilala mitaroni. Watu wakaitikia. Akaeleza jinsi mkewe alivyosimama na furushi chini ya migomba. Wakaitikia tena, kidogo. Halafu nikaona akina mama wa mbele wanatazamana. Mmoja akaziba pua kwa ncha ya kitenge. Minong'ono ikaanza kurudi nyuma, safu kwa safu, na nyuma yake ikaja harufu yenyewe.

Rubisi! Rubisi ya siku ya pili, iliyoiva!

"Amekunywa," mtu akasema karibu yangu, si kwa sauti ndogo.

Mchungaji, aliyekuwa amesimama bega kwa bega naye, akarudi hatua nyuma. Lakini kibaya zaidi kilikuwa uso wa Ta Kamugisha mwenyewe. Naye aliisikia ile harufu. Alinyamaza katikati ya neno. Macho yakamtoka, akajishika kinywa kama anayetaka kukizuia kisitoe siri. Hakujua inakotoka. Nadhani alifikiri inatoka ndani yake, kwamba miaka yote ile ya kutubu haikuwa imefika chini. Alionekana mwenye hatia kabisa. Hata mimi, kwa nukta moja, nilisadiki.

Upande wa wanawake Ma Adela alisimama. Alikunja kitenge chake, akakiweka kwapani, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kumtazama mtu. Kanisa zima lilimwona, na mumewe alimwona. Sijapata kuona mtu mzima akivunjika hivyo akiwa amesimama.

Hapo ndipo pua yangu iliponipa akili. Vijana, nilikuwa nimelala jirani na harufu ile masika mbili! Naijua kuliko jasho langu. Rubisi ya mdomoni ina ukali. Hii ilikuwa na mti ndani yake. Nikaondoka nyuma nikapita katikati ya kanisa na kaptula yangu, magoti yakiwa na vumbi la toroli.

Mzee mmoja wa zamu akanidaka mkono. "Toroli, wewe Mkatoliki, unatafuta nini huku mbele?"

"Natafuta kiraka."

"Kiraka gani?"

Nikamwomba radhi mchungaji, nikamwondoa Ta Kamugisha kwa bega, nikaikumbatia mimbari nikailaza. Ndani, kwenye ubao wa chini ambao macho ya waumini hayafiki, kilikuwapo kiraka cha bati la debe, na misumari mingi mno imepigiliwa kwa mzunguko kama ya mtu anayeshona ngoma. Laurenti alikuwa ameshindwa kuing'oa, akaigeuzia ndani. Na kando yake, palipolainika, visigino vya yule marehemu.

"Huu ni mtumbwi wenu," nikamwambia Ta Kamugisha. "Umerudi."

Aliinama akapaona pale visigino vilipokaa. Akakaa chini sakafuni pwaa, kama mtoto.

Mnadhani yakaisha? Nilidhani hivyo. Kumbe watu wakishamhukumu mtu, hawapendi kunyang'anywa hukumu yao. Mmoja akasema ubao hauwezi kunuka hivyo. Mwingine akasema ubao unanuka, sawa, lakini nani amesema yeye hakunywa? Mbona alijishika mdomo? Kiraka kilionyesha mtumbwi ulivyofika. Hakikuonyesha kwamba Ta Kamugisha hakunywa. La kuvunda halina ubani, akaongeza bibi mmoja, na sikujua anasema ubao au mtu.

Nikatoka mbio nje. Ma Adela alikuwa ameshafika kwenye toroli langu, amesimama, mkono juu ya mpini wake, kama anayepumzika kabla ya mlima.

"Ma, rudi! Ni mtumbwi! Laurenti amewatengenezea mimbari kwa mtumbwi! Njoo uunuse mwenyewe."

"Nimeunusa miaka mingi," akasema. "Sihitaji kuunusa."

Lakini akarudi. Aliingia kwa mlango mkubwa, akapita katikati, watu wakampisha. Alipofika mbele niliuonyesha ubao kwa kidole. Hakuutazama. Akaupita, akamwendea mumewe pale sakafuni, akamshika kidevu, akamwinua uso, akausogeza wake karibu kabisa, mbele ya mchungaji, mbele ya wazee, mbele ya wote waliokwisha kumhukumu.

"Hema," akamwambia.

Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Ta Kamugisha alikuwa analia, pumzi haitoki sawasawa. Akajaribu, ikakatika. Akajaribu tena, akahema, pumzi ndefu.

Ma Adela alikaa hivyo kidogo, macho yamefumbwa. Kisha akasimama, akatugeukia.

"Ni ubao," akasema.

Mchungaji akajifuta jasho, akaniita pembeni akaninong'oneza, "Toroli, tafadhali, tuondolee kitu hiki. Kipeleke mbali."

Nilishtuka mara ya mwisho siku ile. Nikipeleke wapi? Lakini kabla sijafungua mdomo Ma Adela alikuwa amesikia.

"Uacheni hapohapo," akasema. "Umenitoa nyumbani mara mbili, na leo ulitaka kunitoa kanisani. Nimechoka kuhamishwa na mti."

Hakurudi upande wa wanawake. Akaenda kukaa upande wa wanaume, kwenye nafasi ya mumewe katika safu ya wazee, akakiweka kitenge chake magotini, akamtazama Ta Kamugisha aliyekuwa bado sakafuni.

"Haya," akamwambia. "Simama umalizie."